Gari ya tabo imetuniwa, sasa unaweka wese gani?

Mwaka juzi nilikuwa napandisha Kitonga na Forester yangu SG5, ile ya tabo, imetuniwa, intakula (kipoza hewa ya tabo) kubwa, eksozi ya inchi 3, sifa zimejaa kichwani kuliko wese kwenye tenki. Taa ya mafuta ilishawaka tangu Mikumi, nikajaza kwenye kasheli fulani ka njiani ambako hata pampu ilikuwa inakohoa, nikaendelea na safari. Katikati ya mlima malori matatu yamefuatana, ikapatikana nafasi, nikakanyaga mpaka chini (ujinga, najua, Kitonga sio pa kufanyia hayo), na hapo nikasikia kwenye injini kitu kama mtu anatikisa kokoto ndani ya kopo la maziwa ya unga. Shemeji yangu alikuwa kiti cha pembeni kashika laptopu, nilimpa kazi ya kuangalia namba za kontroboksi, ile kompyuta ya injini, ili asilale, akaniuliza kwa upole kabisa, "Shem, hii iliyokuwa 16 sasa hivi ni 10, ndo inavyotakiwa?"

Haitakiwi. Nikaachia mguu tukajivuta nyuma ya malori mpaka Iringa, kesho yake fundi akachomoa plagi moja akaimulika na tochi ya simu, na kwenye ile kauri nyeupe kulikuwa na vidoti vinang'aa kama mtu kanyunyiza pilipili manga ya rangi ya fedha. Ile ni aluminiamu, yaani pistoni yangu inaliwa kidogo kidogo. Fundi akanirudishia plagi mkononi akasema, "Kaka, hii injini inatembea kwa dua."

Wiki nzima niliilaani ile sheli. Baadae nikaja kugundua kosa kubwa lilikuwa langu na lilifanyika miezi 5 kabla, siku nalipia mapu, lile faili la kutuni linaloingizwa kwenye kontroboksi. Hilo nitalieleza hapo chini, ila chukua hili kwanza: kwenye gari ya tabo iliyotuniwa mafuta unayachagua kabla ya kutuni, sio ukiwa umesimama kwenye pampu na kijana wa sheli anakuuliza "full tenki bosi?"

Oktani ni kitu gani hasa

Wengi wanadhani oktani kubwa maana yake mafuta yana moto mkali, ukiyaweka gari inapaa. Ile namba inapima ubishi wa mafuta tu, yanagoma kiasi gani kujilipukia yenyewe yakibanwa na kupashwa joto. Tabo inafanya vyote viwili, inabana hewa na inaipasha joto. Plagi ikichoma, moto unaanza kusambaa kutoka katikati kwenda pembeni, sasa ule mchanganyiko uliobaki kwenye kona unabanwa zaidi na zaidi na kama mafuta hayana ubishi wa kutosha unajilipua wenyewe kabla moto haujafika. Ndo zile kokoto nilizosikia. Ikitokea mara moja moja injini inavumilia, ikiendelea chini ya busti kubwa (presha ya hewa inayosukumwa na tabo) unavunja kingo za pistoni zinazoshika ringi, na wenye Subaru za EJ mnajua pistoni zetu za kiwandani hazina uvumilivu kwenye hilo.

Angalizo la lugha maana hili linachanganya gereji nyingi: kwetu ukisema "injini imenoki" fundi anajua beringi za konrodi zimekwisha, injini inashushwa. Mimi hapa naongelea kugonga kwa mafuta, ambako kunaweza kutokea injini ikiwa nzima kabisa na mara nyingi husikii chochote, hasa kama eksozi yako inapiga kelele kama ya kwangu. Ndo maana hutegemei masikio, unategemea namba.

Gari ambayo haijaguswa ina nafasi ya kujitetea. Sensa inasikia kugonga, kontroboksi inarudisha taimingi nyuma (plagi inachelewa kidogo kuchoma), gari inakuwa nzito kidogo, maisha yanaendelea. Ukituni ile nafasi ndo umeila, zile farasi 40 za ziada hazikutoka hewani, zimetoka kwenye akiba ambayo kiwanda kilikuachia kwa ajili ya siku ya mafuta mabaya na jua kali na mlima.

Namba zinazodanganya

Hapa ndo kosa langu lilipo. Mapu yangu niliinunua mtandaoni kwa jamaa wa Marekani, faili limeandikwa "93". Mimi nikaona 93, nikasema safi, hiyo si ya juu sana, wese la kwetu linatosha. Kumbe Marekani hawaandiki RON, ile namba ya oktani inayotumika kwetu na Ulaya na Japani, wao wanaandika AKI, ambayo ni wastani wa RON na namba nyingine inaitwa MON iliyo chini zaidi, kwahiyo 93 yao ni kama RON 98 na 91 yao ni kama RON 95 au 96. Mimi nikawa natembea na mapu ya 98 na petroli ya barabarani, Dar nikiendesha kistaarabu nikawa sioni shida, Kitonga ikanionyesha.

Kwahiyo mtu akikuuzia mapu swali la kwanza sio "inatoa farasi ngapi", muulize "umeandika kwa RON ngapi?" na akijibu kwa namba tupu bila kusema ni RON au AKI usitume hela bado. Wamarekani wenyewe wanahangaika na hili, Cobb, kampuni ya kutuni ya huko, wana mapu wanaziita ACN91 kwa ajili ya Arizona, California na Nevada tu, sababu 91 ya huko wanaiona dhaifu hata kulinganisha na 91 ya majimbo mengine. Kama wao wenye pampu zilizoandikwa namba wanatenganisha hivyo, wewe usichukue mapu ya mtu wa Florida ukaipeleka Tabata.

Gari iliyotoka Japani fungua kifuniko cha mafuta uangalie stika. Ikiwa na maandishi ya Kijapani ipige picha uitafsiri na simu, ukikuta neno haioku ujue gari ilizaliwa kwa ajili ya mafuta ya daraja la juu, ambayo kwa viwango vya kule hayatakiwi kushuka chini ya RON 96, na kwa miaka mingi pampu zao zimekuwa zikiyauza kama 100. Ile petroli yao ya kawaida inaanzia 89. Maana yake Subaru STI au Mitsubishi Evo ya Japani hata kama haijaguswa kabisa tayari ni gari "iliyotuniwa" kwa mafuta ambayo huku ni vigumu kukutana nayo. Watu wanasahau hili, wananunua, wanabandika steji 1 (tuni ya hatua ya kwanza) juu yake, halafu wanashangaa.

Ya Dubai ni kesi nyingine. Kule pampu zina 91, 95 na 98 zimeandikwa wazi, na gari nyingi za tabo za kule zinakunywa 98. Ukinunua Golf GTI ya huko muuzaji akakwambia "tayari ina steji 2", hiyo ni habari mbaya mpaka uthibitishe imeandikwa kwa mafuta gani. Mimi ningeirudisha mapu ya kiwandani kwanza, nianze upya.

Mapu ya mafuta mabaya zaidi unayokutana nayo

Kanuni ninayoitumia sasa hivi: tuni kwa wese baya zaidi ambalo utalazimika kujaza, sio kwa zuri zaidi ambalo unaweza kulipata ukihangaika. Kama gari inazunguka Masaki na Mbezi tu na wewe una sheli yako moja unayoiamini, sawa, tuni kwa hiyo. Kama kila mwezi mara Dodoma, mara Tunduma, basi mapu yako ni ya petroli ya kawaida ya njiani, taimingi ya upole, busti ya kiasi, ukose farasi 20 ulale salama. Na siku ya kutuni usiende na tenki ulilojaza mafuta maalum ili namba zipendeze kwenye dainamomita, ile mashine ya kupima farasi! Nenda na yale yale unayojaza kila siku. Nimeona mtu kaja kutuni na chupa tatu za dawa ya oktani tenkini, karatasi ya farasi ikatoka nzuri kaibandika mpaka sebuleni, wiki ya pili kajaza kawaida.

Ukiweza lipia mapu mbili. Kontroboksi nyingi zinakubali kubadilishiwa mapu kwa kifaa cha mkononi ndani ya dakika chache, moja ya mji, moja ya safari. Yangu ya safari imeshusha busti karibu na presha ya springi ya wesgeti (kilango kinachopunguza nguvu ya tabo), yaani ya chini kabisa, gari inatembea kama mzee wa kanisa lakini inafika.

Halafu kuna suala la mahali. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya bahari, presha ya hewa pale ni kama bar 0.83, Dar ni bar 1 na kidogo. Geji ya busti inapima kinachozidi juu ya hewa ya pale ulipo. Kwahiyo ukitunia Mbeya busti ya bar 1 kwenye geji, ndani ya manifoldi kuna jumla ya 1.83, ukishuka Dar na geji ile ile bar 1 jumla inakuwa kama 2.01, karibu asilimia 10 zaidi, na juu yake kuna lile joto la Januari la Dar ambalo hata intakula inatoka jasho. Gari ile ile, mapu ile ile, petroli ile ile, kule ilikuwa haigongi huku inagonga. Kontroboksi za kisasa zinazodhibiti kwa presha kamili zinajirekebisha zenyewe ila ukiwa na busti kontrola ya mkono, ile ya kuzungusha skrubu, hiyo haijui kama umeshuka mlima. Na ukienda kinyume, kutoka pwani kwenda juu, gari inayolazimisha kufikia presha ile ile inaizungusha tabo zaidi, hewa inatoka ya moto zaidi, kwahiyo huko nako usijiachie.

Sheli ipi

Watu wanabishana sana sheli ya jina gani ina mafuta mazuri. Kwa Tanzania mafuta yanaagizwa kwa pamoja kupitia PBPA, wakala wa serikali wa kazi hiyo, meli inashusha Dar, Tanga au Mtwara, makampuni yanagawana, kwahiyo petroli yenyewe kwa sehemu kubwa mama yake ni mmoja. Kinachotofautiana ni dawa za kusafisha ambazo baadhi wanaongeza, na kilichotokea kuanzia bohari mpaka kwenye tenki la chini ya ardhi la pale sheli. Na hizo dawa za kusafisha ni nzuri kwa nozeli zako, ila kusafisha ni kitu kimoja na oktani ni kingine, bango likisema "nguvu zaidi, ulinzi zaidi" bila namba ya RON wewe hesabu ni petroli ya kawaida iliyooga.

Mimi naangalia foleni. Sheli yenye bajaji na daladala muda wote tenki lake linazunguka haraka, mafuta hayakai yakaota ukungu wa maji chini. Ukikuta lori la mafuta linashusha, pita, rudi baada ya masaa kadhaa, sababu uchafu na maji ya chini ya tenki yamevurugwa yote yako juu. Baada ya mvua kubwa zikwepe zile sheli zilizo bondeni. Na chukua risiti ya EFD kila mara, siku ya ugomvi ndo shahidi wako.

Uchakachuaji umepungua sana kulinganisha na zamani, 2010 EWURA walianza kuweka vinasaba (kemikali ya alama ya kuyatambua) kwenye mafuta na bajeti ya 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuyachanganya kusiwe na faida, lakini kupungua sio kwisha. Na mafuta ya taa ni sumu hasa kwa gari ya tabo, oktani yake iko chini mno, kiasi kidogo tu ndani ya petroli kinashusha ule ubishi niliousema. Ukiwa na shaka dondosha matone mawili kwenye karatasi nyeupe, subiri: petroli safi inaruka yote inaacha karatasi kavu, ikiwa na taa au dizeli linabaki doa la mafuta mafuta. Hicho sio kipimo cha maabara, ila kingeniokoa Mikumi.

Vichupa, thina, na ujanja mwingine wa mjini

Chupa za kuongeza oktani: soma vizuri neno "pointi". Chupa ikisema inaongeza pointi 30 haimaanishi unatoka 93 unaenda 123, pointi 10 ni oktani 1, kwahiyo hapo umeahidiwa 3, tena kwa tenki la ukubwa fulani. Nyingi zina kemikali inaitwa MMT, inafanya kazi kweli lakini inaacha rangi ya kutu kwenye plagi, ukizoea kuitumia kila tenki plagi na sensa ya oksijeni vinalalamika. Mimi naiweka moja kwenye buti kwa dharura kama mtu anavyobeba Panadol, haiwezi kuwa mlo.

Thina ya dukani, hapana. Najua kuna mtu kasoma kwamba toluini ina oktani kubwa, na ni kweli inayo, ila kile kinachouzwa hardware kama thina ni mchanganyiko ambao hata muuzaji hajui kuna nini, usiweke kwenye injini ya milioni.

Mafuta ya ndege ndogo, yale ya pistoni, yana oktani tamu lakini yana madini ya risasi. Yataua masega ya eksozi na sensa ya oksijeni, na wewe na watoto wako mnavuta ule moshi. Achana nayo.

Ethanoli ndo inaumiza roho. E85 ya Marekani (ethanoli nyingi, petroli kidogo) au ethanoli ya pampu ya Brazil ni mafuta ya ndoto kwa tabo, oktani iko juu na inapoza hewa ikiyeyuka, busti inapanda gari haigongi. Lakini inaliwa kwa wingi, E85 unahitaji kama theluthi moja zaidi ya petroli kwa kazi ile ile, maana yake nozeli kubwa, pampu kubwa, mapu yake peke yake. Huku hamna pampu ya E85, na ile ethanoli ya majiko usiifikirie kabisa, ikiwa na maji kidogo inajitenga na petroli inakaa chini ya tenki, yaani asubuhi pampu inavuta kitu kingine kabisa na hicho unachodhani umejaza.

Kuna njia moja ambayo naona haipewi heshima yake nayo ni kupulizia maji. Nozeli ndogo baada ya intakula, kapampu, tangi la lita chache kwenye buti, maji yanapulizwa busti ikipanda, yanapoza hewa, kugonga kunapungua. Wengi wanachanganya na methanoli nusu kwa nusu, lakini methanoli ni sumu ya kupofusha na kuua, na hata maji matupu yanasaidia. Tumia maji yasiyo na madini (distilled), yale ya kuongezea betri, ila SOMA CHUPA maana asidi ya betri inauzwa kwenye chupa zinazofanana nayo. Na mfumo uwe na swichi ya kushusha busti tangi likiisha, bila hiyo siku maji yakikata unarudi kwenye kopo la kokoto.

Utajuaje kama wese linakufaa

Nunua adapta ya OBD (soketi ya kusomea kompyuta ya gari) au kebo, weka programu kwenye laptopu, RomRaider ni ya bure kwa Subaru. Kwenye Subaru za zamani kama yangu unaangalia IAM, namba inayoonyesha kontroboksi inayaamini mafuta kiasi gani, kamili ni 16, kwenye mpya zaidi inaitwa DAM na kamili ni 1. Ikikaa kamili wiki nzima kontroboksi inayaamini mafuta yako. Ikishuka, imesikia kitu. Gari za VW unaangalia taimingi inayorudishwa kwa kila silinda, digrii moja mbili za hapa na pale sio msiba, ila silinda moja ikirudishwa kila ukikanyaga hapo kuna neno. Fanya logi (rekodi hizo namba gari ikitembea) kila ukibadilisha sheli, sehemu iliyo wazi na salama, gia ya 3, kutoka mzunguko wa 2,500 kwenda juu, mara moja inatosha. Halafu kila badiliko la oili chomoa plagi uimulike.

Na ukishakosea ukajaza uchafu, usiwe na papara. Shusha busti au hamia mapu ya safari, usikanyage kwenye gia kubwa mzunguko ukiwa chini maana hapo ndo injini inabanwa vibaya zaidi, ukifika kwenye sheli ya maana ongeza wese zuri juu yake hata kama tenki liko nusu, na kama karatasi imeonyesha doa kabisa mwaga lote. Kitu kimoja usikifanye ni kile mafundi wengi wanachopenda, kuchomoa betri ili "kuriseti gari". Ile IAM iliyoshuka ndo inayokulinda, kontroboksi imejifunza mafuta ni mabaya na imerudisha taimingi, ukichomoa betri imesahau yote, inaanza kupandisha tena taimingi na lile wese bado liko tenkini. Pale Iringa fundi alishashika spana namba 10 anaelekea kwenye betri, shemeji ndo akamzuia, eti "subiri kwanza, hii namba mi nimeilinda tangu Kitonga."